Kitambaa Ndani ya Pampu

Kabla hamjafunga pampu, vijana wangu, tandikeni gunia chini mhesabu vitu vyenu. Spana, kamba, koleo, wosha, grisi, tambara la kufutia mikono. Narudia: tambara la kufutia mikono. Mkiona mzee mzima anang'ang'ania habari za tambara msicheke, ngojeni kwanza.

Mimi ndiye Fundi Yona. Nimestaafu, nakaa Kilole hapa Korogwe, na goti langu la kushoto limeshakataa kazi. Zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza pampu za mkono vijijini Handeni na Korogwe ya chini, zile za mpini mrefu ambazo siku hizi mnazing'oa mnaweka pampu za jua. Nilizaliwa Bungu, milimani, ambako maji yanapita nyuma ya jiko bila mtu kuyaomba. Nilipoteremka huku chini nikaona akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri kwa ajili ya maji ya rangi ya chai, nikajua kazi yangu ni hii.

Wengi wenu ni mafundi, na wengi wenu ni watu wa maombi pia. Nawaona. Mnafunga, mnakemea, mnampiga adui mpaka sauti zinakauka, Jumatatu mnakuja kazini mnaongea kama mmemeza mchanga. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, na shetani kwangu si hadithi ya kutishia watoto. Ila nimepigana naye miaka mingi kuwapita ninyi, na siku niliyomkuta uso kwa uso hakuwa mahali nilipokuwa namtafuta. Hilo ndilo nataka mlijue, hata kama linanivua nguo.

Nianze na aliyenifundisha kazi. Fundi Salehe alikuwa Mwislamu wa hapa hapa Korogwe, mfupi, mkali, asiyepiga kelele. Alikuwa na gunia la katani alilochora kwa mkaa umbo la kila kifaa. Spana ina umbo lake, koleo lina lake. Ukimaliza kazi unarudisha kila kitu kwenye umbo lake, na umbo likibaki tupu, hufungi pampu. Basi siku moja nikafunga, nikanawa, nikavaa shati safi niende zangu. Salehe akaliangalia gunia.

"Yona, koleo liko wapi?"

"Labda nimelitia mfukoni, fundi."

"Sijakuuliza labda."

Weee! Tulifungua kila kitu, bomba baada ya bomba, jua la saa saba. Koleo lilikuwa limekaa ndani ya kichwa cha pampu, limetulia kabisa. Tukarudi kwa baiskeli bila neno mpaka tulipofika mjini, hapo ndipo akasema, "Kosa lako sijalikasirikia. Nimekasirikia ile labda yako." Nilidhani ananifundisha pampu tu.

Na pampu alinifundisha kweli. Ninyi mna mashine zenye taa zinazowaambia ubovu uko wapi, sisi tulikuwa na mkono na sikio. Mpini ukiwa mwepesi kama wa mchezo wa watoto, fimbo imekatika huko chini. Ukipiga mapigo thelathini ndipo maji yaje, na ukiacha kidogo yanarudi, valvu ya chini inavuja. Maji yakipungua siku hadi siku halafu yakakata, kuna kitu kimeingia kwenye pistoni, kitu kigeni. Shikeni hilo la tatu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kuna kitongoji nje ya Kabuku, ukiacha lami unaingia ndani kwa vumbi karibu saa nzima. Jina nalificha kwa sababu watu wake bado wapo na wamenisamehe kwa kiasi. Nusu yao ni Wazigua wakulima wa mahindi na mihogo, Waislamu wa tangu zamani. Nusu ni wafugaji, Wamasai, na baadhi yao walikuwa wameokoka wanasali na sisi. Pampu ilikuwa moja tu kwa wote. Ilikuwa kwenye kipande cha shamba la Mzee Mhina, alichokitoa bure.

Mzee Mhina alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Kaburi la mkewe lilikuwa nyuma ya nyumba yake ya udongo, na kila asubuhi alilifagia. Alikuwa na mdomo, sitawaficha. Ukifulia nguo kwenye pampu atakufokea, ukileta ng'ombe kwenye zege atakuja na fimbo. Siku moja aligombana na Petro, mfugaji wa kanisani kwetu, kijana wa watu mwenye bidii ya maombi, kwa sababu ndama wake walikanyaga mfereji ukabomoka. Katika hasira mzee akasema mbele ya watu, "Endeleeni hivyo hivyo, mtakuja kuyalilia maji haya!" Neno la mtu aliyechoka. Lakini lilisikiwa, likawekwa.

Mimi nilikwenda pale kubadilisha mnyororo na fimbo ya juu. Na hapa, jamani, lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema madhabahuni: nilikuwa naogopa. Mnajua Handeni inavyosemwa huko mabarabarani, ukitaja tu jina mtu anakuuliza kama umekwenda kwa mganga. Utani, lakini unaingia. Walikuwa wameniambia kisima cha kwanza cha pale kilikauka bila sababu. Mimi, mzee wa kanisa, kiongozi wa maombi, niliyekuwa nakemea mapepo kwa sauti ya kutikisa bati, niliinama juu ya kile kisima na mgongo ukasisimka.

Wiki chache kabla, mhubiri mgeni alikuja kanisani kwetu Kabuku, nilikokuwa nakaa wakati huo, akaviombea vitambaa. Vitambaa vya upako, mnavijua. Mke wangu, Mama Naomi, alipata kimoja cheupe. Akakikata vipande viwili kwa mkasi wake mbovu unaong'ata, akavishona ukingo. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akatumia mwekundu. Kimoja tukakipigilia juu ya mlango wetu, kimoja nikakitia mfuko wa shati.

Basi siku ile nikatazama huku na huku. Hakuna mtu karibu. Nikakitoa, nikakikunja mara nne, nikakifunga kwa mafundo mawili kwenye fimbo ya juu kabisa, ndani ya kichwa cha pampu, chini ya mnyororo. Kilinde kisima na hila za adui, ndivyo nilivyosema. Halafu nikalitazama gunia langu, nililochora kama la Salehe. Vifaa vyote vilikuwa kwenye maumbo yao. Kitambaa sikukihesabu, kwa sababu hakikuwa kifaa. Nikafunga pampu nikaondoka naimba.

Hivi kweli hamjaona bado? Mtu aliyehubiri Jumapili kwamba hirizi ni machukizo, Jumatano anafunga kitu chenye mafundo ndani ya kisima cha watu, kwa siri, akitazama huku na huku. Mimi sikuona. Mwezi na nusu sikuona.

Kisha simu ikaja. Maji yamekuwa yakipungua siku hadi siku, sasa hakuna hata tone, na ni kiangazi. Nilipofika asubuhi ile kitongoji chote kilikuwa pale, ndoo zimelazwa, ng'ombe wanalia mbali. Ndama wawili wa Petro walikuwa wamekufa kwa kiu, naye macho yake yalikuwa mekundu.

"Bwana asifiwe, fundi."

"Amina, Petro. Poleni."

"Hii siyo ya spana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Unajua alisema nini yule mzee. Tumeshaambizana, tukipata ushahidi leo, leo hii anahama."

Mzee Mhina mwenyewe alikuwa amesimama pembeni peke yake, kofia kichwani, mikono nyuma. Nilimwamkia shikamoo akaitika. Hakuna mwingine aliyemwamkia.

Nikafungua kifuniko cha kichwa cha pampu, nikachungulia mahali pale chini ya mnyororo. Fimbo ilikuwa tupu. Vijana, nimewahi kuteleza nikaning'inia kwenye kisima kwa mkono mmoja, lakini moyo wangu haukuwahi kushuka kama ulivyoshuka pale. Maji yamepungua siku hadi siku, halafu yamekata. Mnakumbuka maana yake. Nilijua kilipo, na nilijua kimefikaje.

Nikaanza kuvuta mabomba. Tulisimamisha ile miguu mitatu ya chuma, wanaume wakashika kamba, bomba likapanda, nikalifungua, likafuata lingine. Mabomba kumi na moja. Kila moja nilikuwa na nafasi ya kusema, "Jamani, simameni kidogo." Bomba la nne nilifungua mdomo kabisa, nikaomba nipewe grisi. La tisa nikajiambia labda siyo. Labda! Likaja la mwisho na silinda yake, nikaifungua juu ya gunia, nikachomoa pistoni.

Kilikuwa kimejisokota ndani ya valvu, cheusi kwa grisi na kutu, mafundo mawili yametuna. Mtu akapiga kelele, "Hirizi!"

Ikawa mayowe. Akina mama wakarudi nyuma na watoto wao. Petro akakata kijiti, akakiinua nacho kitu kile juu mbele ya watu wote, akamgeukia Mzee Mhina. "Haya, tuambie hii ni nini!"

"Sijui," mzee akasema. "Sijawahi kufungua pampu maisha yangu."

"Atasema nini kingine?" watu wakajibu.

Na hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole tu aliyezidiwa na watu wake, aliponigeukia mimi. "Fundi, wewe ni mtu wa Mungu. Tuombee kabla hatujakigusa hiki kitu."

Nikaomba. Ndiyo, niliomba! Nilinyanyua mkono juu ya kitambaa changu mwenyewe nikakemea, nikavunja, nikateketeza, nikaulaani mkono uliokiweka. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika spana. Watu wakaitika amina, Petro kwa sauti kuliko wote. Nilipofumbua macho nilimkuta Mzee Mhina ananitazama mimi, si kile kitambaa. Kwa nini, sijawahi kumuuliza.

Mwenyekiti akatangaza mkutano saa kumi mbele ya nyumba ya mzee. Kitambaa kitachomwa, na mzee ataambiwa aondoke jua halijazama. Petro akasema, "Asipoondoka, nyumba ina paa la nyasi." Mwenyekiti alilisikia, akatazama chini. Mimi nikasema nimeishiwa wosha, nakwenda kuchukua Kabuku, narudi. Wosha kweli zilikuwa zimekwisha. Shetani hapendi uongo mtupu, anapenda wenye ukweli kidogo ndani yake.

Nikapanda pikipiki yangu. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vita ilipokuwa, njiani, saa saba mchana, mimi peke yangu na vumbi. Sauti niliyoisikia haikuwa na pembe. Ilikuwa na heshima zake, ilizungumza kama mzee wa kanisa. Yona, ikaniambia, fikiria jina la Bwana. Kanisa pale ni changa. Ukisema ni chako, Wakristo wote watachekwa mpaka Segera. Petro ndiyo kwanza ameokoka, atarudi nyuma, na roho yake itadaiwa mikononi mwako. Nyamaza, weka wosha, maji yatoke, watu wamtukuze Mungu. Kisha baadaye, taratibu, umwombee yule mzee aruhusiwe kurudi. Yule ana ndugu, hatakosa pa kulala.

Kila hoja ilikuwa na jina la Mungu ndani yake. Sikuweza kuikemea, kwa sababu nilikuwa nakubaliana nayo. Na mbaya zaidi, nilianza kuutengeneza ushuhuda. Wallahi nawaambieni, kama ambavyo Salehe angesema, nilikuwa juu ya pikipiki naupanga ushuhuda wa Jumapili: jinsi Bwana alivyofunua kazi za giza. Nilishafika mahali pa kuchagua wimbo.

Mama Naomi alikuwa uani anachambua maharage. Nilipita moja kwa moja, nikasimama mlangoni, nikainua macho. Kitambaa cha pili kilikuwa pale juu, ukingo wake mwekundu umefifia kidogo.

"Baba Naomi, mbona huoni hata watu? Unatazama nini?"

"Hakuna kitu. Nimefuata wosha."

"Wosha ziko juu ya mlango?" Akainuka akanitazama usoni. Tumekaa wote tangu tukiwa hatuna hata kitanda, huyu simdanganyi. "Kile kingine kiko wapi?"

"Labda kimeanguka mahali."

Neno lilipotoka nilisikia sauti ya Salehe kana kwamba yuko nyuma yangu uani. Sijakuuliza labda. Nikakaa pale pale kizingitini nikamweleza mke wangu yote. Fimbo, mafundo, pistoni, yale maombi. Nilipofika kwenye maombi nilishindwa kumaliza, nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Hakunibembeleza. Aliuliza jambo moja tu. "Huyo mzee yuko wapi saa hizi?"

"Nyumbani kwake. Wanamkusanyikia saa kumi."

"Na sasa ni saa nane." Akavuta kigoda, akapanda, akang'oa kitambaa na msumari wake, akaniwekea mkononi. "Uzi huu nimeushona mimi, kila mtu ataona. Nenda. Na usirudi nacho humu ndani."

Sikuendesha pikipiki vile kabla wala baada ya siku ile. Mara mbili nilianguka kwenye mchanga, hapo ndipo goti lilipoharibika, kwa wale wanaoniulizaga. Niliomba njia nzima, na maombi yenyewe yalikuwa neno moja, ngoja, ngoja, ngoja. Hata sijui nilikuwa namwambia Mungu au Petro.

Hawakungoja. Nilipofika ilikuwa haijatimia saa kumi na vitu vya mzee vilikuwa vimeshatolewa nje: sufuria, mkeka, debe la mbegu, jembe. Kitanda chake cha kamba kilikuwa uwanjani juani, naye amekikalia, kofia kichwani, amekataa kuinuka. "Mke wangu yuko nyuma pale," alikuwa anasema. "Nikiondoka nani atamfagilia?" Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. Petro alikuwa na kiberiti mkononi na kile kijiti chenye kitambaa, na nyasi za paa zilikuwa kavu.

Niliiangusha pikipiki bila hata kuizima. "Petro! Hicho kitu ni changu!"

Watu wakageuka. "Nini, fundi?"

"Hicho kitambaa ni changu. Nilikifunga mimi, siku nilipobadilisha mnyororo. Nilikifunga kwenye fimbo, kikateleza chini na mafundo yake, kikaingia kwenye pistoni. Maji nimeyafunga mimi. Huyu mzee hajui lolote."

Halafu Petro akacheka, cheko la huruma. "Fundi, umetishwa. Amekutisha huyu, unataka kumwokoa. Bwana asifiwe, usiogope."

"Mimi nilikuwa na hofu asubuhi, Petro. Sasa hivi nasema kweli. Kifungue."

"Asubuhi si uliomba wewe mwenyewe? Ukaulaani mkono uliokiweka?"

"Niliulaani mkono wangu," nikasema. "Kifungue mafundo, uoshe grisi."

Hakutaka. Mwenyekiti ndiye aliyekichukua, akafungua mafundo, na mama mmoja akamimina maji aliyobakiza kwenye kibuyu, maji ya thamani siku ile kuliko yote. Weusi ukatoka kidogo. Ukingo mwekundu ukaonekana. Nikatoa kile cha juu ya mlango, nikakilaza pembeni yake juu ya kitanda cha Mzee Mhina. Uzi ule ule, mshono ule ule. Na pale mkasi wa Mama Naomi ulipong'ata, meno ya hiki yaliingia kwenye meno ya kile.

Mzee Mhina ndiye aliyeinama akavitazama viwili vile kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe uliogopa kisima changu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na asubuhi, ukaniogopa mimi?"

"Hapana, mzee. Asubuhi niliwaogopa hawa."

Akainuka. Akachukua mkeka wake chini ya mkono, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakunikumbatia, hakuniambia nimekusamehe. Nawaambia hivyo kwa sababu najua mnavyopenda shuhuda ziishe.

Petro alisimama na kiberiti chake. Kisha akakitia mfukoni, akaenda kukishika kile kitanda upande mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumsaidia akakibeba peke yake mpaka mlangoni, akakiweka, akabisha hodi. Alibisha mara nyingi kabla hajafunguliwa.

Mimi nikarudi kwenye pampu. Nikaweka wosha mpya, nikashusha mabomba yote kumi na moja, nikatandika gunia nikahesabu. Maji yalitoka pigo la ishirini na mbili. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikinga ndoo zao wakaondoka, na kila mama aliyepita aliniambia asante fundi bila kunitazama.

Hasara? Ilikuwepo. Kanisani niliyasema yote mwenyewe, nikavuliwa uzee, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango mwaka mzima nikiangalia visigino vya watu. Kabuku yote waliniita Fundi Hirizi, mpaka watoto. Vijiji vitatu vilikataa nisiguse pampu zao. Nami nilijifunza kusoma upya ile orodha ya silaha za mwamini mnayoipenda. Nilikuwa napenda upanga, nani hapendi upanga? Lakini orodha yenyewe inaanza na mshipi, na mshipi ni kweli. Mtu akienda vitani bila mshipi, suruali inamwanguka mbele ya watu. Mimi mniulize.

Ikapita miaka minne. Siku moja mwenyekiti wa kile kitongoji akanipigia, pampu imekufa tena, fimbo imekatika. Nilishangaa. Nikamwambia wako mafundi wazuri Handeni mjini, mbona mimi?

"Tulikuwa tumeshamwita mmoja," akasema. "Mzee Mhina amekataa. Amesema pampu iko kwenye shamba lake na hafungui mtu mwingine. Amesema, mleteni yule wa kitambaa. Huyo akikosea, nimeshasikia anavyosema. Hao wengine sijui."

Nilikwenda. Mzee alikuwa amezeeka sana, anatembelea mkongojo, lakini alileta kigoda chake akakaa karibu kabisa na pampu, akanitazama kazi nzima. Nilibadilisha fimbo. Nikatandika gunia, nikaweka kila kitu kwenye umbo lake, hata tambara, nilikuwa nimeshalichorea umbo. Kisha nikageuza mifuko ya shati nje, mmoja mmoja, akaona. Akakiangalia kichwa cha pampu kilichokuwa wazi.

"Hujafunga kitu humo?"

"Hapana, mzee."

"Basi kabla hujafunika, omba."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Mzee?"

"Si umezoea kuomba? Kuomba sikukukataza. Omba kwa sauti, nami nisikie unasema nini juu ya kisima changu."

Nikavua kofia. Mikono haikuwa na kitu, hata grisi nilikuwa nimeshafuta. Niliomba maneno machache sana, nikamtaja yeye kwa jina na mkewe, nikaomba maji. Mzee Mhina akaitika amina yake, nami nikafunika pampu, nikashika mpini.